Sabuni Isiyonyang'anya: Ngozi Zetu na Baridi ya Minnesota

Ikifika Novemba, swali ni lilelile. Linatoka kwa wadogo zetu waliokuja Minnesota, Marekani, kusoma na hii ndiyo winta yao ya kwanza, kwa akina dada tunaopishana nao zamu kwenye nyumba za kutunzia wazee, kwa akina kaka wanaoendesha malori na kulala ndani ya kebini hita ikivuma usiku kucha. Dada, wewe unaogea sabuni gani? Miguu imepauka, mgongo unawasha, usiku mtu anajikuna mpaka damu. Na kila mmoja anataka nimtajie jina la chupa tu, aende dukani, arudi, yaishe.

Majina nitayataja. Ila nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu jina peke yake halimsaidii mtu sana. Kampuni hubadilisha mchanganyiko chupa ikabaki ileile. Chupa mbili za kampuni moja zinaweza zisifanane hata kidogo kwa ndani. Na maneno ya mbele ya chupa yameandikwa na watu wa matangazo. Ninachoamini, baada ya miaka ya kuogesha watu na kuoga mwenyewe katika baridi hii, ni kwamba sabuni ya kuogea haiponyi ngozi kavu. Sabuni nzuri ni ile inayoondoa uchafu na kukuachia mafuta yako mwenyewe. Kulainisha ni kazi ya kitu kingine, kitu unachokipaka na kukiacha mwilini.

Tuanze na hewa, maana wengi wetu tunayalaumu maji. Mimi ni mtu wa Tanga. Siku ya kawaida kule, joto nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kila mita moja ya ujazo ya hewa imebeba karibu gramu 23 za maji. Sasa chukua asubuhi ya Januari Minneapolis, nyuzi 20 chini ya sifuri. Hewa ya baridi kiasi hicho haiwezi kubeba zaidi ya gramu 1 hivi ya maji. Inaingia ndani, mashine ya kupasha nyumba inaipandisha hadi nyuzi 21, joto ambalo hewa ingeweza kubeba gramu 18. Maji hayajaongezwa, kilichoongezeka ni joto tu, kwa hiyo unyevu unashuka chini ya asilimia 10. Mkipika, mkioga, mkipumua watu wanne ndani ya nyumba unapanda kidogo, lakini hewa bado ina kiu na itajitafutia maji popote: kwenye mbao za sakafu mpaka zinaachana, kwenye midomo, kwenye pua ya mtoto inayotoka damu asubuhi, na kwenye ngozi yako. Ndiyo maana hata asiyetia mguu nje anawashwa.

Na ngozi inajilindaje? Tabaka lake la juu kabisa lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu sehemu kubwa ya mwili. Watu wa sayansi wamezoea kulieleza kama ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta yanayoyashikamanisha, yaani udongo wa kujengea. Mafuta hayo ni ya aina tatu hasa, seramaidi, kolestero na asidi za mafuta. Matofali hubaki laini yakiwa na maji ya kutosha. Maji yakishuka chini ya asilimia 10 hivi, yanakakamaa, yanajikunja pembeni na kubanduka, na ule ndio weupe tunaouona miguuni. Udongo ukitoka, maji ya ndani yanapotea, vitu vya nje vinapenya, na mishipa midogo ya fahamu iliyo karibu inachokozeka. Unajikuna. Kucha zinabomoa zaidi, seli zilizoumia zinatoa kemikali zinazoichochea mishipa ileile, unajikuna tena. Mtu anaweza kuingia kwenye mzunguko huo Desemba asitoke mpaka Aprili.

Hapo ndipo sabuni inapoingia. Sabuni halisi, iwe mche wa kufulia au kipande cha kuogea kinachonukia vizuri, imetengenezwa kwa mafuta na kostiki, na pH yake, yaani kipimo cha asidi (7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni ukali kama wa magadi), ni kati ya 9 na 10. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake karibu 5. Ukiipandisha kila siku, vimeng'enya vinavyozikata seli za juu vinafanya kazi kupita kiasi na vile vinavyotengeneza mafuta ya ukuta vinazorota. Zaidi ya hayo, sabuni haibagui. Mafuta ya jasho la jana na mafuta ya ukuta wako, kwake yote ni mafuta, inayabeba yote. Ile hali ya kutoka bafuni ngozi imekaza, ukiipitisha kidole inakwaruza, ambayo wengi tumelelewa tukiiita usafi, ni dalili kwamba umechukua zaidi ya uchafu. Kule Pwani ngozi huvumilia, kwa sababu nusu saa baadaye jasho na hewa vimeshairudishia unyevu. Hapa hakuna cha kuirudishia.

Kuna na suala la maji magumu. Jiji la Minneapolis huchota maji mto Mississippi na kuyapunguzia ugumu kwa chokaa kabla hayajafika bombani, lakini vitongoji vingi vinakunywa maji ya visima, na maji hayo yana kalsiamu nyingi. Sabuni halisi ikikutana na kalsiamu inatengeneza ule utando mweupe unaouona kwenye beseni, na utando huohuo unabaki kwenye ngozi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiepuka. Lakini msikimbilie kununua mashine ya kulainisha maji kwa ajili ya muwasho peke yake. Uingereza walifanya jaribio na watoto 336 wenye ukurutu (eczema), matokeo yakachapishwa 2011: waliowekewa mashine nyumbani hawakupona zaidi ya wasiowekewa. Hela hiyo ina kazi nyingine.

Basi tunaogea nini? Mwaka 1957 kampuni ya Lever Brothers iliingiza sokoni Marekani kipande cha Dove, na tofauti yake ilikuwa kwamba kiungo chake kikuu cha kusafisha hakikuwa sabuni. Kilikuwa kisafishaji cha kutengenezwa maabara, kipole, kinachoweza kukaa kwenye pH iliyo karibu na ya ngozi. Chupa za sabuni ya maji tunazozinunua leo nyingi ni za ukoo huo. Sheria ya Marekani yenyewe inatenganisha: kitu hakihesabiwi kuwa sabuni kisheria mpaka kiwe kimetengenezwa hasa kwa mafuta na kostiki, ndiyo maana utaona vipande vingi madukani vimeandikwa kila kitu isipokuwa neno "soap". Kwa mwenye ngozi kavu, kukosekana kwa neno hilo ni habari njema.

Lakini kuwa ya maji si kuwa pole. Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu tugeuze chupa. Mbele pana picha ya nazi iliyopasuliwa na tone la asali. Nyuma, kwa maandishi madogo, ndipo pana ukweli. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo huweza kuwekwa kwa mpangilio wowote. Cha kwanza karibu kila mara ni maji. Angalia cha pili, cha tatu na cha nne, maana hao ndio wasafishaji. Ukikuta "sodium lauryl sulfate" iko juu, rudisha chupa kwenye rafu. Hicho ni kisafishaji ambacho watafiti wenyewe hukitumia makusudi kuichokoza ngozi ya waliojitolea, ili wapate ngozi iliyoumia ya kujaribia krimu zao. Ndugu yake, "sodium laureth sulfate", ni mpole kuliko yeye, na akichanganywa vizuri watu wengi wanamvumilia. Walio wapole zaidi utawatambua kwa majina kama "sodium cocoyl isethionate", "decyl glucoside" na "coco-glucoside". Hawatoi povu jingi, nalo hilo linawasumbua watu wetu, kwa sababu tumezoea kupima sabuni kwa povu. Povu halisafishi. Mikono itazoea.

Kisha manukato. Hili nalisema nikijua ninagusa pabaya, kwa kuwa sisi watu wa Pwani tumelelewa na udi, asumini na marashi, na mtu kutonukia ni kama hajaoga. Lakini manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kusababisha mzio wa ngozi, na neno moja "fragrance" au "parfum" kwenye chupa linaweza kuficha makumi ya kemikali. Ngozi ambayo ukuta wake umebomoka inapitisha vitu hivyo kirahisi. Tafuta palipoandikwa "fragrance free". Usiridhike na "unscented", kwa sababu chupa yenye neno hilo inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu ya viambato vingine. Mafuta ya lavenda, ya mchaichai, ya mti chai nayo ni manukato hata kama yametoka shambani. Na "hypoallergenic" hapa Marekani halina kiwango chochote cha serikali nyuma yake. Kila kampuni inalitumia kwa maana yake. Ukitaka kunukia, tia udi kwenye nguo, fukiza kanga na mitandio yako, uiache ngozi ipumzike mpaka Mei.

Kiambato kingine cha kukumbuka ni kihifadhi kinachoitwa "methylisothiazolinone". Mwaka 2013 chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia mzio wa ngozi kilikitangaza kuwa ndicho kizio cha mwaka, kwa jinsi kilivyokuwa kinawapata watu wengi. Bado kimo kwenye baadhi ya sabuni za maji na za kufulia. Mtu ambaye kila akibadilisha sabuni muwasho hauondoki, na hasa ukiwa umekaa sehemu zilezile, amuombe daktari kipimo cha mzio cha kubandika mgongoni. Atajua anamkimbia nani.

Sabuni za kuua vijidudu nazo tuziache. Tulikuzwa nazo, na ile harufu ya dawa bado inatuambia kwamba mtoto yuko salama. Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa sokoni triklosani na viambato vingine 18 kwenye sabuni za watumiaji wa kawaida, kwa kuwa kampuni hazikuthibitisha kwamba vinasaidia kuliko sabuni ya kawaida na maji, wala kwamba ni salama kutumia kila siku kwa miaka. Sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi, inayopatikana kwenye maduka ya Waliberia huku Brooklyn Park, ninaipenda na wakati wa joto naiogea. Lakini ni sabuni halisi ya majivu, pH yake iko juu, na Januari naiweka kabatini.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, "moisturizing", ambalo linauza chupa nyingi kuliko yote. Je, sabuni inaweza kulainisha? Kidogo, ndiyo. Kuna za maji ambazo zimetiwa mafuta ya mgando, gliserini, au mafuta ya soya, na baadhi yake hubaki juu ya ngozi hata baada ya kusuuza. Kuna mafuta ya kuogea yanayogeuka maziwa yakikutana na maji. Ukitoka bafuni unasikia ngozi haijakaza, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini kubaki kidogo si tiba. Uingereza na Wales walichukua watoto 482 wenye ukurutu, nusu wakawekewa mafuta maalumu kwenye maji ya kuoga na nusu hawakuwekewa, wote wakiendelea kupakwa krimu zao kama kawaida. Matokeo yalitoka 2018 kwenye jarida la tiba la BMJ: hapakuwa na tofauti ya maana. Kilichopitishwa majini kilikwenda na maji. Nilipousoma utafiti huo nilielewa kwa nini wazee ninaowahudumia wanaweza kuogeshwa kwa chupa ya bei mbaya na bado wakajikuna, ikiwa aliyewaogesha amewakausha, amewavika na kuondoka.

Kazini kuna bibi mmoja, mwalimu mstaafu, anayependa chumba chake kiwe na joto kali. Winta moja miundi yake ilipasuka mistari-mistari, ngozi imegawanyika vipande vidogo, kati yake mistari miekundu. Wazee ndivyo walivyo, tezi za mafuta zimechoka, ukuta haujijengi upesi. Muuguzi wetu alibadilisha mambo machache tu, nami ndiye niliyekuwa nayatekeleza. Maji yawe vuguvugu, kiasi kwamba ukiyapima kwa kiwiko huyasikii moto. Muda usizidi dakika kumi. Sabuni, ile ya maji isiyo na manukato, iende makwapani, kwenye mapaja yanakokutana, nyuma, na nyayoni. Mikono, mgongo, tumbo na miundi vipitiwe na maji matupu. Kitambaa laini badala ya neti ya plastiki. Taulo inabonyezwa, haisuguliwi. Halafu, ngozi ikiwa bado ina umande, mafuta ya mgando kuanzia magotini kushuka, soksi za pamba, blanketi. Nilikuwa napiga magoti mbele yake na kuyapaka kuelekea chini, kufuata malaika, yale manyoya laini ya mwilini, yalivyolala, ili vinyweleo visizibe. Mistari ile ilifunga kidogo kidogo, na ripoti za zamu ya usiku zikaacha kuandika kwamba amejikuna. Sabuni ilikuwa na sehemu yake katika hayo, sehemu ya kutoharibu.

Nikija kwenye majina. Mimi nyumbani natumia Vanicream ya maji ya kuogea, inayotengenezwa hapahapa Minnesota, mjini Rochester. Haina manukato wala rangi. Haisisimui, inatoka nyeupe, haina harufu, na ukimaliza huwezi kujua kama umeitumia isipokuwa kwa sababu hujikuni. Wengine wanapatana zaidi na CeraVe yenye seramaidi, au Aveeno ya shayiri isiyo na manukato. Shayiri laini iliyosagwa ina heshima yake, tangu 2003 mamlaka ya Marekani inaitambua kama kilinda ngozi, na kwa mtu anayewashwa sana huwa namshauri aanzie hapo. Wenye uwezo na ngozi yenye ukurutu wa tangu utotoni husifu mafuta ya kuogea ya Wafaransa, Lipikar na Atoderm, nayo ni mazuri kweli. Ukitaka kupunguza kazi ya kusoma chupa, chama cha wagonjwa wa ukurutu cha Marekani kina muhuri wake kinachoubandika kwenye bidhaa zilizopita mchujo wao. Lakini narudia, kati ya hizi nne au tano tofauti ni ndogo. Chagua ya bei unayoiweza kila mwezi bila kujibana, na hela inayobaki ipeleke kwenye mafuta ya kupaka.

Mama yangu ananipigia Ijumaa baada ya sala. Mwaka ule ngozi iliponizidi nilimweleza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko kuwashwa kumepungua?"

"Bado, mama. Usiku ndiyo kunazidi."

"Hiyo damu imechafuka. Nitampa mtu akuletee mwarobaini uchemshe, unywe na kuoga."

Wengi mnaosoma mmeambiwa hivyohivyo. Damu haina kosa hapa, na mwarobaini wa kunywa kwa wingi si kitu cha kuchezea. Lakini mama huyohuyo ndiye aliyetufundisha jambo ambalo madaktari wa ngozi wa Marekani wanalisema leo kila winta. Alikuwa akitutoa beseni, kabla hajagusa taulo, anamimina mafuta ya nazi kiganjani mwake na kutupaka mgongo ungali na matone ya maji. Yakichanganyika yanakuwa meupe kidogo, yanateleza, kisha yananywewa. Ndipo anafuta kwa kanga. Mafuta yanayopakwa juu ya ngozi yenye maji yanayafungia yale maji ndani. Ukipaka saa moja baadaye unafungia ukavu. Fanya ndani ya dakika chache za kutoka kuoga, mlango wa bafu ungali umefungwa na mvuke umo.

Upake nini? Losheni ya chupa ya pampu ni maji kwa sehemu kubwa, na kwa Januari ya hapa haitoshi. Krimu nzito ya kopo ni bora, na mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872, bado hayajapata mpinzani kwa kuzuia maji yasitoke. Yananata, najua. Yapake usiku. Mafuta ya nazi yana ushahidi wake: watoto 117 wenye ukurutu katika utafiti uliochapishwa 2014 walipakwa ama nazi ama mafuta ya madini, na wa nazi wakapata nafuu zaidi. Mafuta ya zeituni, ambayo watu wa dini zote tunayapenda, yapikie. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walionyesha 2013, kwa kundi dogo la watu wazima, kwamba yanadhoofisha ule ukuta, hali yale ya alizeti yaliuacha salama.

Kuhusu kuoga mara mbili kwa siku, sitamwambia mtu wa Pwani aache, nami siachi. Ila kuoga kwa pili kuwe kwa maji tu, kufupi, na mafuta yafuate. Kwa wenzangu tunaotawadha mara tano, vifundo vya miguu na viganja ndivyo vinavyopasuka kwanza. Naweka kopo dogo la krimu karibu na mswala. Nikimaliza kutawadha nakausha katikati ya vidole, napaka, nasali. Kazini, mikono isipokuwa na uchafu unaoonekana, jeli ya spiriti yenye gliserini inaichosha ngozi kidogo kuliko kunawa kwa sabuni kila baada ya mgonjwa, ingawa kwenye mpasuko inachoma.

Jambo ambalo linaniuma kwa watu wetu ni kuchelewa kutambuliwa. Vipeperushi vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu mara nyingi hauwi mwekundu. Unakuwa wa zambarau, wa kijivu, au mweusi zaidi ya ngozi inayouzunguka, na huweza kujitokeza kama vipele vidogo vidogo kwenye mashina ya malaika. Ukipona unaacha madoa yanayokaa miezi. Nimewaona akina dada wakiambiwa kwamba ni ukavu tu, wakarudi nyumbani, na walipoona madoa wakakimbilia mkorogo. Tafadhali msifanye hivyo. Krimu nyingi za kung'arisha zimetiwa klobetasoli, steroidi kali, ambayo inatuliza muwasho kwa siku chache kisha inaikondesha ngozi. Steroidi ina nafasi yake, kwa kipimo cha daktari na kwa muda wake. Mwambie wazi: ngozi yangu haiwi nyekundu, hebu iguse.

Na si kila muwasho ni wa winta. Ukiwasha usiku kati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, na mtu mwingine wa nyumbani naye amejikuna, huo huenda ni upele, nao unataka dawa kwa nyumba nzima pamoja na kufua matandiko. Mwili mzima ukiwasha bila ukavu wala vipele, na mafuta hayasaidii, nenda ukapime figo, ini, tezi ya shingo na madini ya chuma. Macho au mkojo vikibadilika rangi, usingoje miadi ya mwezi ujao.

Nimalizie kwa wanaonisoma kutoka Makete, Njombe, Mufindi na Limuru, ambao Juni mpaka Agosti wanaamka na baridi kali na hawana duka lenye rafu ya chupa hizi, au wanaikuta chupa imefika kwa bei ya mfuko wa mbolea. Hamjakosa kitu kikubwa. Kipande chochote cha kuogea kisicho na dawa wala harufu kali kitafaa mkikipeleka makwapani, mapajani na miguuni tu, sehemu nyingine zikapata maji ya vuguvugu. Mche wa kufulia ubaki kwa nguo. Dodoki lipumzike msimu huo. Gliserini ya duka la dawa msiipake tupu, katika hewa kavu inavuta maji kutoka ndani ya ngozi. Ichanganyeni na maji safi, au pakeni ngozi ingali mbichi, kisha juu yake mafuta ya mgando. Mwenye kupata alizeti safi ya Singida, isiyowahi kukaangia, ajaribu kwanza kwenye mkono mmoja kwa wiki moja, akiona hapana vipele ndipo apake mwili mzima.